Kuwashukuru walei wanaoitumikia parokia wakiwa bado wanasikia: mwongozo kamili

Siku tulipomzika mzee mmoja wa parokia yetu hapa Eastlands, Nairobi, mjukuu wake alisoma wasifu kutoka kwenye kijitabu cha Misa. Mle mlikuwa na sentensi iliyonifanya niinamishe kichwa: kwa miaka 19, babu ndiye aliyekuwa akifungua lango la kanisa saa kumi na moja na nusu alfajiri kila Jumapili, akawasha taa ili Misa ya kwanza isikute giza. Mimi nilikuwa katibu wa halmashauri ya parokia. Nilikuwa nimepita kwenye lango lile miaka nenda miaka rudi na sikuwahi kuuliza linafunguliwa na nani. Tulimpigia makofi akiwa ndani ya jeneza.

Tangu hapo nimeshiriki mara nne kuandaa siku ya kuwashukuru wanaojitolea. Mara tatu mambo yalikwenda vizuri; mara moja tuliumiza watu, na nitaeleza jinsi ilivyokuwa. Nimeamini jambo moja: mlei, yaani muumini asiye padre wala mtawa, huenziwa kwa sentensi ya kweli kuhusu kazi yake, ikitamkwa mbele ya watu anaowahudumia, yeye mwenyewe akisikia, kisha mzigo wake ukapunguzwa. Cheti na keki hufuata nyuma.

Hatua ya kwanza: fuata saa, majina yatakuja yenyewe

Parokia nyingi huanza kwa kuuliza, "Tumheshimu nani?" Hapo hutajwa mwenyekiti wa halmashauri, mweka hazina, mwalimu wa kwaya, na viongozi wa CWA na CMA, yaani vyama vya akina mama na vya wanaume Wakatoliki. Ni watu wema, lakini ni wale wanaoonekana tayari. Ukitaka orodha kamili, chukua daftari ukae parokiani kuanzia Jumamosi saa nane mchana hadi Jumapili jioni, ukiandika kila kazi unayoiona na anayeifanya. Nani anapiga deki? Nani ameleta maua kutoka City Market, na nauli ametoa wapi? Nani anawafundisha watoto wanaocheza liturujia? Nani amekaa kwenye mitambo ya sauti, nani anaelekeza magari, nani anahesabu sadaka hadi saa tisa alasiri bila chakula cha mchana? Nani amebeba Komunyo na kupanda ghorofa ya tano isiyo na lifti kumpelekea mgonjwa?

Halafu kuna kazi ambazo hata ukikaa kanisani wiki nzima hutaziona. Mama mmoja wa jumuiya yetu hufua vitambaa vya altare nyumbani kwake, chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Ana karai jeupe ambalo halitumiwi kwa kitu kingine chochote. Kabla ya kutia sabuni, huviloweka vitambaa kwa maji matupu, kisha hushuka ngazi na karai lake na kuyamwaga maji hayo ya kwanza kwenye shina la mti ulio nyuma ya ploti, kwa kuwa huenda chembe ya Ekaristi au tone la Damu Takatifu limesalia kwenye kitambaa, na halifai kuingia mtaroni. Baada ya hapo ndipo sabuni, jua na pasi. Korporali, kitambaa kinachotandazwa altareni chini ya mkate na divai, huikunja mara tatu upande huu na mara tatu upande ule, hata ipate miraba tisa. Maji yakikatika mtaani, na hukatika, hununua mitungi ya lita 20 kwa pesa zake. Padre alikuwa akivikuta vitambaa safi sakristiani kila Jumamosi na hakujua vinatoka kwa nani.

Watu wa aina hii utawapata kwa kuwauliza wengine. Mpe kila mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo karatasi yenye swali moja: "Ni nani ambaye akisafiri mwezi mzima, kuna kitu kitakwama?" Jumuiya ndiko watu wanakojuana kwa majina na kwa shida zao, na maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipozifanya jumuiya kuwa nguzo ya uchungaji katika miaka ya 1970, walilenga ukaribu wa namna hiyo. Usisahau vigango, yale makanisa madogo yaliyo chini ya parokia. Na waulize watoto wa Kipaimara, maana watoto huona mengi ambayo wakubwa huyapita.

Wapeni wiki tatu za kujibu. Wiki moja haitoshi, kwa sababu jumuiya nyingi hukutana mara moja tu kwa wiki na wengine hukosa.

Hatua ya pili: lipa deni kabla ya kutoa shukrani

Orodha ikishapatikana, tenga wanaojitolea na wale wanaostahili mshahara. Hapa nasema kwa uzito. Katekista anayeshinda parokiani siku tano kwa wiki, anayefundisha wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa, anayeongoza ibada kigangoni Padre asipofika na kuzika maskini, si wa kupewa cheti cha kujitolea wakati posho yake haijatoka miezi miwili. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 231, zinatambua haki ya mlei aliyejitoa kwa huduma maalumu kupata malipo ya kumwezesha kuishi kwa heshima na kuitunza familia yake. Hayati Papa Fransisko naye, tarehe 10 Mei 2021, aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa. Uganda, makatekista wawili vijana, Daudi Okelo na Jildo Irwa, waliuawa mwaka 1918 kwa ajili ya kazi hii, na Kanisa likawatangaza wenyeheri mwaka 2002. Kama parokia yenu inadaiwa na katekista wake, fedha za sherehe zianze hapo.

Katika hatua hii hii paroko apitie orodha peke yake, kwa siri. Huenda kuna malalamiko anayoyajua yeye tu, hasa kuhusu wanaofanya kazi na watoto au wanaoshika fedha. Kumsimamisha mtu mbele ya waamini 800 wakati kuna mtoto mmoja ndani ya kanisa anayejua jambo jingine ni kumjeruhi mtoto huyo mara ya pili. Jina likiondolewa kwenye orodha kwa sababu hiyo, lisijadiliwe kwenye kamati, na lalamiko lenyewe lifuate njia yake ya ulinzi wa watoto.

Hatua ya tatu: kamati ndogo, fedha zinazoonekana

Watu watano wanatosha: mmoja wa halmashauri, mmoja wa liturujia, mmoja wa fedha, kijana mmoja, na mtu mmoja asiye na cheo chochote. Huyu wa mwisho ndiye atakayewaambia ukweli.

Fedha zikichangwa kwa ajili ya siku hii, ziandikwe mahali pake na zitumike kwa siku hii. Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Nimeona mchango wa kuwashukuru wanakwaya ukiishia kwenye mabati ya ukumbi. Mabati yalihitajika kweli, lakini mwaka uliofuata hakuna aliyechanga.

Msimwalike mwanasiasa kuwa mgeni rasmi, hata kama amejitolea kulipia hema, chakula na fulana. Jimbo Kuu la Nairobi lilikwisha kuonyesha msimamo wake Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo alipotangaza kwamba fedha alizotoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, Kayole, zitarejeshwa. Akija mgeni wa namna hiyo, kamera zitamfuata yeye na mama wa vitambaa atasukumwa nyuma ya hema. Mgeni rasmi ni yule anayeshukuriwa.

Hatua ya nne: msiwashindanishe

Sipendi kabisa tuzo ya "Mlei Bora wa Mwaka". Ukimchagua mmoja kati ya wapiga deki wanne, Jumamosi inayofuata watakuja wawili. Kipimo kinachoeleweka na kila mtu ni miaka ya huduma: waliotimiza 5, 10, 20 na kuendelea. Kila anayefika hapo hutajwa, na hakuna wa kumwonea mwenzake wivu kwa sababu kalenda haina upendeleo. Wale ambao hawajafika miaka mitano washukuriwe kwa pamoja, kikundi kwa kikundi.

Sasa niseme tulivyokosea. Mwaka wetu wa pili tulisoma majina 41 na tukamsahau mama aliyekuwa amesimamia jiko la parokia miaka 22. Hakuna aliyekusudia, jina lake lilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa fomu ya jumuiya yake, na mimi nilipiga chapa ukurasa wa kwanza tu. Siku hiyo alikuwa jikoni akiwapikia wageni, akisikia majina kupitia spika. Hakusema neno. Wiki tatu baadaye alirudisha funguo za stoo. Nilikwenda nyumbani kwake na paroko kuomba msamaha, akatupokea kwa chai, lakini jikoni hakurudi tena mwaka ule.

Kwa hiyo: orodha ikikamilika, isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa wenyeviti wa jumuiya zote, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo Jumapili mbili mfululizo, na kuwe na namba ya simu ya kuongeza jina. Na siku yenyewe, anayesoma amalizie kwa kusema kwamba yeyote aliyeachwa amwone katibu leo hii. Kisha katibu asiondoke.

Hatua ya tano: sentensi moja kwa kila mtu

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. "Tunamshukuru kwa moyo wake wa kujitolea" inaweza kusemwa juu ya mtu yeyote duniani. Kila mtu mwandikieni sentensi ambayo haiwezi kusomwa kwa mwingine. "Ametufulia vitambaa vya altare kwa miaka 12, na maji ya kwanza huyashusha ngazi kwa mkono." "Amewafundisha watoto wetu Ishara ya Msalaba, na leo wawili kati yao wako seminarini." "Wakati wa korona, makanisa yalipofungwa mwaka 2020, aliwapigia simu wagonjwa wote wa jumuiya yake kila Ijumaa."

Sentensi kama hizi hazitungwi mezani. Mtume kijana wa kamati akaongee na watu wawili wanaofanya kazi na mhusika, awaulize: anafika saa ngapi, anafanya nini kwanza, ni siku gani ilikuwa ngumu akaja hivyo hivyo? Nusu saa inatosha. Vijana wetu waliofanya mahojiano haya walirudi wamebadilika. Wawili kati yao leo wanahudumu sakristiani.

Angalieni majina kama mnavyoangalia cheti cha ndoa. Wanjiru asigeuzwe Wanjiku, na Ng'ang'a asinyimwe alama zake. Akina mama wengi mtaani wanajulikana kwa jina la mtoto wao, Mama fulani, na hata jumuiya haijui jina lake la ubatizo. Muulize mwenyewe, na siku ile yasomwe yote mawili ili watu wajue ni nani. Mtu akipokea cheti chenye jina la mwingine, ni kama hakupokea kitu.

Hatua ya sita: ombeni ridhaa

Wapo watakaokataa, wakitaja Injili ya mkono wa kushoto usiojua unachofanya wa kulia. Msiwabeze. Waelezeni kwamba hata Mtume Paulo, mwishoni mwa barua yake kwa Warumi, aliwataja wasaidizi wake kwa majina, mwanamke kwa mwanamume: Fibi, Priska na Akila na wengine wengi, pamoja na kazi zao. Mtu akikataa hata baada ya hapo, heshimuni neno lake. Paroko amtembelee nyumbani, wakanywe chai. Ulizeni pia kama anakubali picha yake itumwe kwenye kundi la WhatsApp la parokia. Na mwenzi wake aalikwe kwa jina, maana Jumapili alizokuwa kanisani, kuna mtu aliyebaki nyumbani na watoto.

Hatua ya saba: tarehe

Epukeni Kwaresima na Majilio, epukeni Januari ambapo kila mzazi ana karo kichwani, epukeni Jumapili yenye harambee. Sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa parokia ndiyo nzuri kuliko zote. Ikiwa imewaangukia vibaya, chagueni Jumapili ya kawaida ya mwaka kati ya Juni na Septemba. Tarehe ikipangwa mara moja, ibaki hiyo kila mwaka ili miaka ya huduma ihesabike.

Hatua ya nane: ndani ya Misa

Mshukuruni kila mmoja katika Misa anayohudumia. Anayefungua lango asubuhi anajulikana na watu wa Misa ya kwanza; ukimsimamisha kwenye Misa ya saa nne na nusu ya Kiingereza, atapigiwa makofi na wageni. Kwa hiyo majina yagawanywe kwa Misa, na chakula cha pamoja kiwe baada ya Misa ya mwisho.

Misa yenyewe ibaki Misa. Masomo ni ya Jumapili hiyo. Mahubiri ni ya Padre au shemasi, na hapo si mahali pa kusoma wasifu. Nafasi inayoruhusu maneno ya shukrani ni baada ya sala ya baada ya Komunyo, kabla ya baraka ya mwisho. Fanyeni hesabu: watu 30 kwa sekunde 20 kila mmoja ni dakika kumi, na dakika kumi watu wanazivumilia. Hadithi ndefu ziende ukumbini.

Kuna mambo mawili yanayogusa kuliko hotuba. La kwanza, wanaoshukuriwa wapeleke matoleo altareni, kila mmoja akiwa na mkate, divai, au kitambaa alichokifua mwenyewe. La pili, waliofariki mwaka ule watajwe katika maombi ya waamini. Majina ya wanaoshukuriwa yakimalizika kusomwa, Padre anyooshe mikono awabariki wote kwa pamoja. Vigelegele vitakuja vyenyewe.

Wagonjwa na waliorudi ushago wasiachwe. Wagonjwa wapelekewe Komunyo siku hiyo hiyo na mtu wa kamati aliyebeba sentensi yao mfukoni, awasomee kitandani.

Hatua ya tisa: nani anapika

Baada ya yale yaliyompata mama wa jiko, tuliweka sheria ambayo hatujaivunja: anayeshukuriwa haingii jikoni. Kwa kawaida akina mama wa CWA ndio hupika kila sherehe ya parokia, na kwenye orodha ya wanaojitolea wao ndio wengi. Basi siku hii wapike wanaume wa CMA, vijana wagawe, na halmashauri ioshe sahani. Chakula kiwe rahisi: pilau, kachumbari, soda. Mara ya kwanza wanaume wetu waliunguza sufuria moja ya pilau, na akina mama waliinuka kwenda kusaidia. Ilibidi paroko awaombe wakae. Walikaa wakiwa hawajui waweke wapi mikono yao. Baada ya nusu saa walikuwa wanaongea na kucheka, na nadhani ndipo sherehe ilipoanza.

Hatua ya kumi: zawadi inayofaa

Vyeti mnaweza kuchapisha River Road, leso za kufanana zipo Biashara Street, rozari na Biblia zipo kwenye maduka ya vitabu vya Kikatoliki mjini. Yote ni mazuri. Lakini kabla ya kununua, ulizeni mtu huyu anatoa nini mfukoni kwa ajili ya parokia. Anayefua vitambaa anahitaji maji na sabuni. Anayepeleka Komunyo anahitaji nauli na mwavuli. Mwalimu wa kwaya anahitaji kinanda kitengenezwe.

Zawadi niliyoiona ikimliza mtu ni bima ya afya. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya Kenya, ilipochukua nafasi ya NHIF ya zamani, asiye na ajira rasmi hupimwa mapato yake na kulipia mwaka mzima. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Wazee wengi wanaojitolea hawana pesa hizo kwa mkupuo. Jumuiya ya familia 25 ikichanga, kila familia inatoa chini ya shilingi 150 kumlipia mtu mmoja wa kiwango hicho. Itolewe kimya kimya, si kwenye kipaza sauti, maana hali ya mtu ni siri yake.

Kwa aliyehudumu miaka mingi sana kuna heshima za Kanisa lote. Baraka ya Kitume ya Papa, ile iliyoandikwa kwa maandishi ya kupendeza, huombwa Roma katika Ofisi ya Sadaka za Papa kwa nafasi kama miaka 50 ya ndoa, ikiwa na idhini ya paroko, na mapato yake huenda kwa maskini. Juu ya hapo ipo nishani ya Benemerenti, iliyoanzishwa na Papa Gregori XVI mwaka 1832, na msalaba wa Pro Ecclesia et Pontifice wa Papa Leo XIII wa mwaka 1888. Hizi haziombwi na mtu mwenyewe wala familia yake. Paroko humwandikia Askofu, Askofu akiridhika hupeleka jina Vatikani kupitia Ubalozi wa Papa. Anzeni mapema, mwaka mmoja kabla, na msimwambie mhusika mpaka jibu lirudi.

Hatua ya kumi na moja: Jumatatu

Sherehe ikiisha, kamati isivunjwe. Ibaki na kazi tatu. Kurejesha nauli na gharama kila mwezi, kwa daftari lenye sahihi. Kumpa kila anayejitolea likizo ya mwezi mmoja kwa mwaka, akijua kazi yake imeshikwa na mtu. Na kumtafutia msaidizi, mdogo kwake kwa umri, ajifunze akiwa bado na nguvu za kufundisha. Wengine wataogopa kwamba mnawaondoa. Semeni nao ana kwa ana, mwacheni achague msaidizi mwenyewe.

Yule mama wa vitambaa alimchagua msichana aliyepata Kipaimara mwaka jana. Sasa hufua kwa zamu, na parokia inalipia maji. Nilipita kwake Jumamosi moja kuchukua vitambaa nikawakuta wameinama juu ya karai jeupe. Msichana alikuwa ameshika kopo la sabuni, mama akamshika mkono polepole: "Maji matupu kwanza, mwanangu. Halafu tushuke pamoja, nikuonyeshe mti."